Kibaba cha Bibi na Madebe ya Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na ghala kama sisi, Nyati alikuwa na nguvu za kung'oa mti, lakini kwenye hesabu, mh, tumwachie Mungu. Alimwajiri Kindi alinde ghala lake la mahindi lisiingiliwe na panya. Ujira wake ulikuwa madebe mawili kila siku ya gulio.

Mwaka ule Nyati alichungulia ghalani akakuta mahindi yameshuka hadi magotini, na mavuno bado yako mbali. Akaingiwa na hofu ya njaa, akamwomba mlinzi wake ushauri.

"Haba na haba hujaza kibaba, mzee," Kindi akasema, mkia ukimcheza. "Tubane vile vidogo vidogo."

Wakabana. Chumvi ikapunguzwa, uji wa watoto ukawa maji matupu. Mahindi yakazidi kushuka. Ndipo Kindi akanong'ona, kwa huruma nyingi, kwamba mama mzazi wa Nyati hula kibaba kizima kila siku, na wala halimi tena.

Nyati, aibu iliyoje, akampeleka mama yake kwa dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mto. Bikizee hakubishana. Alifunga kanga zake, akauliza tu, "Mwanangu, na mlinzi wako anakula kiasi gani?"

Nyati akadhani ni chuki za kizee tu.

Magulio matatu baadaye aliingia ghalani na debe. Kwaruu! Debe likakwaruza sakafu. Yalipatikana madebe mawili tu, na Kindi alikwisha simama mlangoni na pakacha lake.

"Leo gulio, mzee. Hayo ni yangu."

"Umenimaliza, mwizi wewe."

"Sijaiba hata punje. Ulinipimia mwenyewe."

"Na hao panya?"

"Kwani umewahi kumwona hata mmoja?" Kindi akauliza, kisha prrr, juu ya mti.

Ilikuwa kweli: panya hakumwona hata mmoja, na mahindi aliyapima kwa mkono wake; hiyo ndiyo iliyomuuma Nyati. Alivuka mto, akampigia mama yake magoti, akamrudisha nyumbani. Bibi alipopewa uji, akamimina nusu kwenye bakuli la wajukuu.

"Unanitosha huu," akasema. "Nisije nikawamalizia."

Njaa waliivuka kwa mihogo ya dada, na ghala likajaa tena. Lakini Bibi hakumaliza tena bakuli la uji katika nyumba ya mwanawe, mpaka alipokufa. Nyati alijuta, na majuto hayakumrudishia kitu.

Basi, wanangu, gunia likitoboka, ziba kwanza tundu kubwa.