Kichwa cha Mfalme

Paukwa!
Pakawa!
Mfalme wa dhahabu?
Acheke!

Watoto, kuna sarafu moja ya kale, iliyofuliwa kwa nyundo, na mfalme aliye juu yake anacheka. Nimeuliza miaka mingi, sijapata jibu: alichekeshwa na nyundo, au na jino? Sikilizeni, huenda ninyi mkajua.

Hapo kale mfalme wa mji mmoja alifariki, akaacha wana wawili, Fumo na Shee. Basi ikawa kutwa kusukumana kitini.

"Mfalme ni mimi!"

"Mfalme ni mimi!"

Siku moja zimwi likabisha lango la mji. "Nataka kichwa cha mfalme! Nisipopewa kabla jua halijazama, nawala nyote. Mfalme nani?"

"Mfalme ni yeye!" akasema Fumo.

"Ni yeye!" akasema Shee. "Wewe ndiye mkubwa, kaka."

"La, mdogo wangu, kiti kinakupendeza wewe."

Wakakimbilia uvunguni mwa kitanda cha mama yao, Bi Mwanatumu.

"Leo ndiyo mmekuwa ndugu?" akawauliza. Akavua bangili yake ya dhahabu, akamwita sonara. "Nifulie kichwa cha mfalme."

"Mfalme yupi, Bibi?"

"Pua ya huyu, masikio ya yule. Kidevu weka cha baba yao, angalau pawe na mtu mzima."

Sonara akakifua juu ya sarafu: ngo! ngo! ngo!

Bi Mwanatumu akaenda langoni, akakitupa. "Kichwa cha mfalme hicho."

"Mbona kidogo?"

"Ndivyo vilivyo vichwa vyetu siku hizi."

Zimwi likauma. Kwaa! Jino likaruka. "Ole wangu! Kama mfalme mdogo hivi ni mgumu, wakubwa nitawaweza?" Likatoka mbio, halikugeuka.

Sarafu ilipookotwa, mfalme alikuwa anacheka.

Ndugu wakatoka uvunguni, wamejaa vumbi.

"Mfalme ni mimi!"

"Mfalme ni mimi!"

"Zimwi laweza kurudi," akasema mama yao.

Fumo akamsukumia Shee kiti; Shee akamrudishia.

Basi watu wa mji wakaamua: kiti akikalie yule mfalme wa dhahabu, aliyetoka kukutana na zimwi. Bi Mwanatumu akaibeba sarafu kwa mikono yake, akaiweka kitini juu ya mto. Fumo na Shee akawapa vipepeo vya ukindu, wampepee mfalme.

Hadithi yangu imefika kitini, nayo imekaa. Anayetaka kuitwa mkubwa, aitike hata siku anapoitwa na zimwi.