Kwa Nini Bendera ya Mwerani Ina Tundu

Kaeni, wanangu wa kidato cha kwanza, na msicheke bado. Kuna wakati bendera hii ilikuwa nzima, na katikati yake palikuwa na simba.

Alikuwa simba wa kudariziwa, mdomo wazi, meno meupe kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Milima yetu hii inajua mbega na ukungu, simba haijamwona. Lakini Mkuu wa Shule wa wakati huo, Bi. Eliwaza, alisema shule yenye hadhi lazima iwe na simba. Basi tukawa simba. Tulinguruma paredi, tulinguruma kwenye netiboli, na tukifungwa tulilia bweni zima, maana simba hafungwi.

Mwaka mmoja, asubuhi ya mechi na shule ya bondeni, Nakijwa alipewa bendera aipige pasi. Alikuwa mgeni kama ninyi. Kwao pasi ya mkaa ilipita juu ya khanga tu. Kitambaa kile cha kung'aa hakukijua. Akaiweka pasi juu ya simba. Alipoiinua, simba alikuja nayo.

Bi. Eliwaza akaingiza mkono kwenye tundu, ukatokea upande wa pili. "Mechi ikiisha," akasema polepole, "funga sanduku lako urudi kwenu."

Bendera nyingine haikuwepo, na wageni walishakaa. Nakijwa akaambiwa aibebe mwenyewe, aibu iwe yake. Wasichana wa bondeni wakaiona.

"Jamani dada zetu, simba wenu kaliwa na nani?"

Nakijwa hakuwa na cha kupoteza tena. "Hajaliwa," akajibu. "Katoka. Tazameni nyuma yenu."

Wawili wakageuka kweli! Uwanja mzima ukaangua kicheko, nasi tukacheza huku tunacheka. Tulifungwa, tena vibaya. Hakuna aliyelia.

Afisa elimu, mgeni wa heshima, akamwinamia Bi. Eliwaza. "Mwalimu, lile tundu ni la nini?"

Sasa, Bi. Eliwaza alikuwa radhi kutafuna chaki kuliko kukiri kosa mbele ya mgeni. "Ndiyo nembo yetu mpya, mheshimiwa. Kila msichana anaona humo anachokitaka."

Mgeni akapiga makofi.

Jioni Nakijwa alikuwa langoni, amekalia sanduku lake. Bi. Eliwaza akamfuata. Angemfukuzaje mtoto kwa kuipatia shule nembo?

"Rudisha sanduku bwenini," akasema. "Kisha uje na sindano tulikunje lile tundu pindo, lisizidi kukua."

Na tangu siku hiyo Mwerani haina mnyama, ina Tundu. Tunalishangilia, tunawachungulia wapinzani kupitia humo, na tukifungwa tunaimba kwamba simba katoka kidogo, atarudi. Bendera ikichakaa hununuliwa mpya, nzima kabisa, na pasi hukabidhiwa yule wa kidato cha kwanza anayeogopa kuliko wote kurudishwa kwao.

Ni nani mwaka huu? Wewe? Simama, mwanangu. Pasi imeshapata moto.