Simba wa Sikio Moja

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na mji!

Na mjini?

— Palikuwa na soko!

Na sokoni?

— Chenji!

Haya, wewe unayechezesha sarafu mfukoni, zinyamazishe. Ngano hii ina masikio. Ikisikia mlio wa shaba itaniacha mimi ikufuate wewe.

Hapo zamani, zamani za sarafu zenye tundu katikati, palikuwa na mwanamke muuza vitumbua, jina lake Mashavu. Akazaa mtoto wa kwanza, zimwi likamchukua. Akazaa wa pili, zimwi likamchukua. Zimwi hilo lilikuwa na kijicho na tumbo la Mashavu tu, nyumba za wengine lilizipita kama hazipo. Msiniulize sababu. Hata binadamu wenye kijicho hawana sababu.

Alipozaa wa tatu, jirani yake Bi Zuwena akamwambia, "Shoga, huyu tumfanye walivyofanya wa kale. Mtupe mlangoni pangu, nami nitamnunua."

Mashavu akamlaza mtoto kwenye ungo, akamtupa mlangoni kwa Bi Zuwena, akageuza uso. Bi Zuwena akatoka na sarafu kuukuu ya shaba. Ilikuwa na tundu, na kando ya tundu palikuwa na simba aliyechongwa ovyo, ana sikio moja.

"Nimemnunua," akasema, akamtia Mashavu sarafu kiganjani. "Ni wangu huyu. Wewe ni yaya wake tu."

Wakamwita mtoto Siwangu.

Zimwi likaja mchana, jua la utosi.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wa Zuwena."

"Kamnunua kwa nini?"

"Kwa simba wa sikio moja."

"Nionyeshe simba."

Mashavu akafungua kiganja. Zimwi likaguna, maana mtoto aliyeuzwa halina haki naye. "Vizuri," likasema. "Lakini kila mavuno ya mtama nitarudi kuuliza. Siku nikimkosa simba, mtoto nambeba."

Basi Mashavu akaifunga ile sarafu kwenye pindo la kushoto la kanga yake. Chenji za biashara akazifunga pindo la kulia. Kushoto roho, kulia riziki. Mtama ukavunwa, zimwi likaja, likaonyeshwa simba, likaondoka. Siwangu akaota meno, akasimama dede, akaanza kukimbiza kuku.

Asubuhi moja Mashavu akachelewa kuamka. Wateja wanaita nje, mafuta yanachemka, mtoto analia. Akajitupia kanga nje ndani, hata jina la kanga likasomeka kinyumenyume, akatoka mbio. Mnajua kanga ikigeuzwa nje ndani inakuwaje? Kushoto kunakuwa kulia!

Mkono ukaenda kulia kama ulivyozoea. Ukafungua, ukatoa chenji, ukafunga. Jua lilipopanda akakaa chini kupumua, akapapasa pindo. Simba hayupo.

Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga.

Na kule mashambani mtama ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu.

Tangu siku hiyo Mashavu hakukalika. Akikaa anasimama, akisimama anatembea. Alimfunga Siwangu mgongoni, akaingia sokoni anaimba:

*Simba wangu, simba,*
*sikio moja, simba,*
*umelala kwa nani leo?*

Akaenda kwa muuza chumvi. "Baba, nionyeshe chenji zako." Muuza chumvi akamwaga chenji, Mashavu akazigeuza moja moja. Simba hayumo. Ila mlikuwa na sarafu ya zamani yenye picha ya tembo, akaibadili kwa sarafu mpya, maana vidole vyake havikutaka kutoka vitupu.

Mara kunguru huyo, puu, juu ya kibanda. Enzi hizo kunguru alikuwa mweusi mwili mzima.

"Mashavu, Mashavu! Nipe tembo wako, nikupe doti ya kanga."

"Chukua," akasema Mashavu. "Si ninayemtafuta."

Akaenda kwa kinyozi, anaimba: *Simba wangu, simba, sikio moja, simba, umelala kwa nani leo?* Kinyozi akamwaga chenji kwenye beseni la maji ya wembe. Simba hayumo. Mlikuwa na mtende.

Kunguru huyo, puu. "Mashavu, Mashavu! Nipe mtende, nikupe mbuzi."

"Chukua. Si ninayemtafuta."

Haya, mji mzima ukaona. Kanga kwa sarafu kuukuu! Mbuzi kwa sarafu kuukuu! Watu wakaingiwa na wazimu. Muuza samaki hatoi chenji mpaka aigeuze pande zote mbili. Mnunuzi hatoi sarafu mpaka ailambe. Mume anapekua mkoba wa mke, mke anakung'uta mfuko wa mume. Samaki wakaoza mezani, watu wanatazamana mikono. Nasema wazimu, lakini wewe hapo nyuma ungekuwepo ungelamba pia.

Mashavu akaondoka kwenda kwa muuza kahawa, roho juu. Kunguru akamtangulia, akatua njiani.

"Mashavu, Mashavu! Namtaka simba wa sikio moja. Nikupe nyumba ya mawe."

Mashavu akasimama. "Nani kakwambia habari za simba?"

"Bwana wangu anakusanya sarafu za zamani."

"Bwana wako nani?"

Kunguru akacheka, kwaa kwaa, akaruka.

Mashavu akakimbia. Alikimbia mtoto akirukaruka mgongoni, alikimbia akapoteza kiatu, alikimbia mpaka kwa muuza kahawa. "Baba, chenji zako! Simba, ana sikio moja!"

"Ee mama," muuza kahawa akasema, "si huyo kunguru kaondoka naye sasa hivi? Kaniachia gunia la sukari."

Mashavu akaketi mavumbini akalia mbele za watu wote, wala hakuona haya.

Bi Zuwena akaja akamwinua. "Mtama unavunwa kesho, shoga. Kulia utalia baadaye. Zimwi linapenda nini?"

"Linapenda kula."

"Na wewe unajua nini?"

Mashavu akafuta kamasi. "Kupika."

Kesho yake, kabla jua halijafika utosini, Mashavu aliwasha moto mlangoni. Akatia nazi nzito, akatia hiliki, akatia hiliki tena. Harufu ikatoka, ikavuka mji, ikalikuta zimwi njiani na kulivuta pua.

Likaja na gunia begani, kunguru juu ya gunia.

"Mtoto wa..." likaanza, mate yakalijaa. "Kwanza nipe hivyo."

"Bwana," Mashavu akasema, "wewe ndiye mteja wangu wa kwanza leo. Mteja wa kwanza hakopeshwi wala hapewi bure, ni mkosi. Hata wewe mkosi utakupata, maana ndiwe utakayekula."

Na kweli, hakuna muuzaji asiyelijua hilo, na mazimwi huogopa mkosi kuliko watu. Zimwi likatia mkono guniani bila kutazama. Likatoa tembo.

Mashavu akaipapasa. "Imefutika hii, bwana. Haipiti sokoni."

Zimwi likatia mkono, likatoa mtende.

"Hii imepinda, bwana. Haipiti."

Zimwi likatia mkono mara ya tatu, likatoa sarafu ya mwezi na nyota.

"Hii ina kutu, bwana. Wataniambia ni bandia."

Vitumbua vinavimba, vinageuka rangi, harufu inazidi. Kunguru akaanza kushtuka. Akafungua mdomo, "Bwana, tahadha..." Bi Zuwena akamtia kitumbua cha moto mdomoni. Kunguru kutema hataki, kumeza hawezi.

"Mwanamke msumbufu!" zimwi likanguruma, likamwaga gunia lote chini. "Chagua mwenyewe! Chagua upesi, nina njaa!"

Sarafu zikamwagika chungu nzima, kuukuu kwa kuukuu. Nani angemwona simba humo? Lakini Mashavu alikuwa amegeuza chenji za mji mzima. Hakutumia macho. Alizamisha vidole, vikapita kwenye pembe, vikapita kwenye makuti, vikafika kwenye sikio moja, vikasimama.

"Hii inatosha," akasema.

Zimwi likala, likajilamba, likaegemea ungo wa unga wa mchele, likashiba. Ndipo likakumbuka.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu," akasema Bi Zuwena.

"Ulimnunua kwa nini?"

"Kwa simba wa sikio moja."

"Ha! Nionyesheni simba."

Mashavu akafungua kiganja.

Zimwi likatazama kiganja. Likatazama gunia. Likamtazama kunguru, ambaye ndiyo kwanza amemeza. "Bwana," kunguru akasema, "nilitaka kukwambia." Zimwi likamkaba shingo kwa mkono ule ule uliojaa unga, likamtikisa, likamtupa mbali, likaenda zake linatukana. Halikurudi mji ule. Na kunguru mpaka leo ana weupe shingoni, na mpaka leo hatulii, akiona kinachong'aa anaiba, hajui tena ampelekee nani.

Mashavu akaitazama sarafu. Tundu lilikuwepo tangu mwanzo, yeye tu hakulifikiria. Akapitisha uzi, akamfunga Siwangu kiunoni, mafundo matatu.

Kisha akamkumbatia. Neno likaja mpaka ncha ya ulimi, likataka kutoka, *mwanangu*. Akalimeza, maana kijicho kina masikio.

"Wewe mtoto wa Zuwena," akasema, machozi yanamtiririka, "njoo ule kitumbua."

Ngano yangu nimeitoa tunduni, nimeirudisha tunduni. Funzo lake: kilicho roho yako usikifunge kanga moja na chenji. Na ukusanyaye, tazama unachokusanya.

Msimuliaji naye hana mkosi wa kula bure, leteni kahawa. Atakayenipa sarafu aigeuze kwanza pande zote mbili, maana nikishaipokea sirudishi.

— Tumesikia!

Basi kalaleni, na kanga zenu mzivae upande wake.