Mzee Khalfuni na Mpaka wa Bonde la Mizeituni

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba Wanormani, wapiganaji wa Kikristo kutoka kaskazini, walipokwisha kukiteka kisiwa cha Sisilia na kugawana ardhi ukoo kwa ukoo, jambo moja liliwashinda. Panga walikuwa nazo na farasi walikuwa nao, ila mipaka ya mashamba hawakuijua. Walioijua ni wazee wa Kiislamu waliolima pale tangu enzi za maamiri. Ikawa ada, mabwana wawili wakigombania ardhi, huitwa mzee mwaminifu, akaapishwa kwa Msahafu, kisha akatembea mbele ya hakimu wa mfalme. Na pale alipopita ndipo palipoandikwa mpaka. Subhanallah, mshindi yuko juu ya farasi, naye anamfuata nyuma aliyeshindwa.

Miongoni mwa wazee hao alikuwako mja mwema, Khalfuni bin Zaiduni. Bwana Drogo, mtu wa ukoo mkubwa na moyo mgumu, alikuwa amemfukuza katika shamba lake la mizeituni bondeni, na humo ndimo alimozikwa mwanawe wa pekee. Jirani yao, Bwana Turgisi, alimhifadhi yeye na mkewe, Bi Maimuna, wakawa wanalima kwake. Miaka saba mama yule hakulizuru kaburi la mwanawe, kwani Drogo alimkataza.

Kisha Drogo na Turgisi wakaligombania bonde lile, na aliyeitwa kuonyesha mpaka akawa Khalfuni. Ilipobaki siku moja, Turgisi alimjia, akamwambia kwa upole kwamba afikapo kwenye mwamba mweupe apinde kushoto badala ya kulia, basi. Bonde litakuwa la Turgisi, naye atamrudishia shamba lake lote. Wengine walioujua mpaka ule walikuwa wamekwisha kufariki. Na ukweli, ndugu zangu, uchungu ulioje! Bonde lile tangu zamani lilikuwa sehemu ya ardhi ya juu, ambayo sasa ilikuwa ya Drogo.

Khalfuni alirudi nyumbani, akamweleza mkewe. Bi Maimuna alilia sana, kisha akasema, "Mume wangu, hakuna ninachokitamani duniani kama kaburi lile. Lakini nikilifikia kwa kiapo cha uongo, nitamwombea mtoto dua gani?"

Asubuhi yake mzee aliapa, akatangulia na Msahafu kifuani, mabwana na watumishi wao nyuma yake. Alipofika kwenye mwamba mweupe alisimama, na wasimulizi wanasema hata farasi walitulia. Akapiga bismillahi, akapinda kulia.

Turgisi alimwambia papo hapo akatafute pengine pa kuishi. Drogo naye alipigwa na butwaa, kwani alikwisha kukata tamaa. Akashuka farasini, akamuuliza imekuwaje ampe haki yeye aliyemdhulumu.

"Niliulizwa mpaka uko wapi," akajibu Khalfuni. "Sikuulizwa ni nani aliyenitendea wema."

Drogo akamwambia alichukue shamba lake, liwe tuzo.

"Nikilichukua leo, bwana, ushahidi wangu utakuwa umenunuliwa," akasema mzee. "Ila kama una huruma, mruhusu mama wa mtoto akamzuru."

Bwana yule, ambaye hakuwahi kumpisha mtu njiani, aliagiza Bi Maimuna aletwe, akampandisha juu ya farasi wake mwenyewe, akashika hatamu na kumwongoza kwa miguu hadi kaburini. Watu walisimama kando ya njia, wakawapisha.

Nami kila nisimuliapo kisa hiki huona haya. Sisi tunasogeza ua wa jirani hatua moja, tena jirani mwenyewe ni ndugu wa baba mmoja, na tukiitwa barazani tunaapa bila hata kumeza mate. Mzee yule alinyang'anywa kila kitu isipokuwa ulimi wake, na huo hakuuuza. Ewe Mola, tukitaka kuapa uongo, tupe kigugumizi.