Tuta Lililokatwa Pettigrew

Hapo zamani, zamani ya babu zetu na si ya majini, kule kusini mwa Marekani palikuwa na kaunti iitwayo Pettigrew. Kaunti yao ni kama wilaya kwetu: ina mipaka yake, ina mahakama yake, ina mkuu wake wa polisi. Na mtu akishakuwa mkuu wa polisi kule, hana wa kumuuliza. Lishikeni hilo, maana najua mtakakotaka kunipeleka baadaye.

Kaunti hiyo ilipitiwa katikati na mto mpana wa maji ya matope. Mashariki kulikuwa na mji, mahakama ya matofali, maghala ya pamba na nyumba za Wazungu wenye pamba hiyo. Magharibi kulikuwa na bonde, chini kuliko mto wenyewe, ardhi ya mbu na nyoka. Kwa kuwa hakuna aliyeitaka, waliachiwa watu weusi walipotoka utumwani. Wakaifyeka. Wakachimba mitaro, wakayatoa maji. Wakalima, wakazaa. Katika bonde lote palikuwa na kilima kimoja tu, nacho kilikuwa kazi ya mikono ya watu. Wenyeji wa kwanza wa nchi ile walikijaza kwa vikapu vya udongo, kabla hawajafukuzwa kwa bunduki. Watu weusi wakajenga kanisa lao juu yake, wakatundika kengele.

Sasa sikilizeni habari ya tuta. Kila ukingo wa mto ule ulikuwa na tuta refu la udongo la kuzuia mafuriko. Mto ukifura sana, ni lazima upasue mahali. Ukipasua magharibi, mashariki wanapona. Ukipasua mashariki, magharibi wanapona. Kwa hiyo majira ya mafuriko kila upande uliweka walinzi juu ya tuta lake, wa ng'ambo wasije wakalikata. Amri yao ilikuwa moja: mashua ya ng'ambo ikigusa ukingo, mlinzi apige risasi bila kuuliza. Na aliye zamu ya kengele akiiona mashua hiyo, apige kengele, watu wapande kilimani.

Mwaka huo mvua ilinyesha ikasahau kuacha.

Asubuhi moja ya ukungu, aliyelinda tuta la magharibi mbele ya kilima alikuwa Hosea Rudd. Aliyekuwa zamu ya kengele alikuwa mama yake, Bi Dorcas. Mdogo wake Hosea, Tobias, alikuwa ng'ambo. Alihamia mashariki na mkewe na watoto, akifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba.

Mkuu wa polisi akamwita Tobias, akamkabidhi baruti.

"Mkeo na wanao wako kwenye kambi ya wafanyakazi, chini ya tuta letu," alimwambia. "Tuta letu likipasuka, wao ndio watakaokufa kwanza. La ng'ambo likipasuka, wanapona. Wewe umezaliwa kule, unaujua ukingo. Chagua."

Tobias akavuka. Nyuma yake, ndani ya ukungu, ilikuja mashua nyingine yenye askari wawili, ili asije akabadili mawazo katikati ya mto.

Hosea akaiona mashua ikigusa ukingo. Akainua bunduki. Akaona ni mdogo wake. Akaishusha.

"Umekuja kufanya nini, Tobi?"

"Nimekuja kumchukua mama. Maji yanapanda, kaka. Kimbia ukamwite, nakusubiri hapa."

Hosea akampa mgongo, akaliacha tuta, akakimbia.

Na Bi Dorcas kule juu? Ukungu ulianza kutawanyika, akaiona mashua. Alimjua mwanawe kwa mabega yake tu. Alijua pia kwamba akivuta kamba ya kengele, walinzi wote watakimbilia pale na kumtoboa kwa risasi. Akaishika kamba. Hakuivuta. Alijiambia, ngoja aondoke kwanza, nitapiga akishaondoka. Alikuwa bado anangoja baruti ilipolipuka.

Hapo ndipo alipoipiga kengele, akaipiga mpaka mikono ikachubuka. Waliokuwa karibu walipanda kilimani. Waliokuwa mbali hawakufika. Tobias naye mashua yake ilipinduliwa na maji aliyoyafungulia mwenyewe, na aliyemtoa alikuwa Hosea, kwa kumshika nywele.

Palikuwa na mjane jina lake Hester Pruitt. Asubuhi ile alikuwa amempelekea jirani mgonjwa uji, wanawe wawili, Lula na Enos, amewaacha wamelala. Aliporudi hakukuta nyumba. Kesho yake watoto walionekana wamenasa kwenye matawi ya mti, wameshikana. Hapa huwa nasita kila ninapoisimulia, na leo nimesita tena. Nivumilieni.

Watu wa magharibi hawakupeleka kesi zao kwenye jengo la matofali. Mtu mweusi aliingia mle kushtaki akatoka na pingu. Waliamua mambo yao wenyewe, kilimani, na adhabu yao ya kosa kubwa ilikuwa moja: ondoka, usirudi. Lakini walikuwa na desturi waliyoishika kwa meno. Aondoke mtu mmoja, kamwe si ukoo. Wazee wao waliwahi kuuzwa ukoo kwa ukoo, wakaapa kwamba wao hawatamfukuza mtu kwa sababu ya jina la babake. Kwa hiyo hata kama waliokosa ni watatu wa ukoo mmoja, vifo vyote vya mafuriko yale vilipaswa kubebwa na mtu mmoja, na wa kumtaja ni aliyefiwa kuliko wote. Msidhani kuondoka kulikuwa safari. Huko nje wanaume weusi walikamatwa njiani, wakabebeshwa magunia ya mchanga kwenye matuta mpaka wakaanguka. Mwanamke mzee asingefika hata mpaka wa kaunti.

Hester akaketishwa mbele. Gauni lake lilikuwa bado na tope. Bi Dorcas na wanawe wawili wakasimamishwa.

Bi Dorcas hakungoja kuulizwa. "Nitajeni mimi," alisema. "Kamba ilikuwa mikononi mwangu. Ningeivuta nilipoiona mashua, wanao wangepanda kilimani, Hester. Mimi nimeshaishi. Nitajeni mimi, yaishe."

Hester akamtazama. "Asubuhi ile ulichagua wanao ukaacha wangu," alisema. "Na sasa unataka kuondoka wewe ili wabaki wao. Bado unawachagua, Bi Dorcas."



Hosea akasema, "Mimi niliacha tuta, sikatai. Lakini dada Hester, mwaka jana mumeo alipokuwa mlinzi alimpiga risasi mtu aliyevuka na dawa ya homa. Alipiga bila kuuliza, kama amri ilivyo. Baada ya hapo hakula, hakulala, mpaka tukamzika. Ni wewe uliyelia mbele yetu hapa ukasema, walinzi waulize kwanza, jamani, waulize. Basi nikauliza. Nikadanganywa na mtu niliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Ningempiga, leo ungekuwa na wanao, na mama yangu angekuwa anamzika wake. Niambie nilipaswa kufanya hivyo, nami nitaondoka."

Hester akamgeukia Tobias. 

Tobias akabaki. Aliongea akitazama chini.

"Nimeua. Nilimdanganya kaka ili asiwe juu ya tuta baruti ikilipuka. Sikuwafikiria wengine, au niliwafikiria nikawaweka kando. Wangu wako hai kule kambini. Mkinirudisha asubuhi ile, na mke wangu chini ya lile tuta, nitavuka tena. Siwezi kukudanganya na wewe, dada."

"Na wangu?" Hester aliuliza.

"Wako walikufa ili wangu waishi. Najua. Nitalijua hilo mpaka nife."

Watu wakaguna. Mmoja akasema ni huyu, kesi imekwisha. Mwingine akasema huyu alikuwa na bunduki mgongoni, wale wawili hawakuwa na yeyote mgongoni. Wa tatu akasema mama ni mama. Wakaanza kugombana, hadi Hester aliposimama.

Naona mmoja wenu ananyanyua kidole, anataka kunitajia mkuu wa polisi. Kishushe. Nilikwisha kuwaambia. Siku ile alikuwa mjini, viatu vyake vikavu, na mji wake mkavu, na hakuna mtu kilimani aliyekuwa na uwezo wa kumwambia njoo. Waliokuwapo ni hawa watatu, na mmoja ni lazima aondoke kabla jua halijazama, la sivyo Hester atalala na kuamka jirani na wote.

Hester akanyoosha mkono. Mkono ukampita mama, ukawapita wana, ukarudi. Nyinyi mlioketi hapa, watoto wenu wamewalalia mapajani na mnasikia pumzi zao, hebu msaidieni mwenzenu.

Je, nani alistahili kuondoka?