Kwa Nini Juma Lina Tano Mbili

Tup! Kitu kizito kilianguka upande wa pili wa ukuta. Kimya kidogo, halafu tena, tup! Mwanatumu akamkumbatia mwanawe kifuani na kutega sikio, maana usiku ulikuwa umekwenda sana, na mwanamke mwenye hofu huyasikia hata yasiyomhusu.

Zamani hizo, katika mji wa Mtondoni, juma lilikuwa na siku sita tu. Watu walizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Walianza na gumba, wakasema mosi, kisha pili, tatu, nne, hadi kidole cha mwisho, tano. Vidole vikiisha waliufumba mkono ukawa ngumi, na hiyo ndiyo ilikuwa Ijumaa, siku ya watu wote kukusanyika pamoja kama vidole ndani ya ngumi. Siku nayo haikuanza alfajiri. Ilianza jua lilipozama, na mpiga mbiu alipanda kichuguuni akapuliza pembe yake na kuitaja siku inayoingia, mji mzima ukasikia.

Usiku huo ulikuwa usiku wa tano, na Mwanatumu alikuwa na sababu ya kuuogopa. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alikuwa anatimiza arobaini. Desturi ya Mtondoni ilikuwa kwamba mtoto wa arobaini lazima atolewe nje mikononi mwa baba yake, alione jua na kupewa jina. Baba asipokuwepo, mwanamume wa ukoo atakayemtoa ndiye atakayemchukua, amlee kwake, awe wake. Na baba wa mtoto, Msellem, alikwenda bara kununua asali, masika yakamkuta huko, mto ukafurika, na hakuna aliyejua kama yuko ng'ambo ya mto au ndani yake.

Makame, kaka yake Msellem, hakuwa na mtoto. Alikwisha kusuka susu ya kumlazia mtoto, ya kamba za minazi na kuitundika nyumbani kwake. Jumbe wa mji naye alikwisha kutoa hukumu. Aliunyoosha mkono wake mbele ya watu wote, vidole vimetanuka, akaapa, "Tutamngoja Msellem. Lakini tano ikiisha kabla hajafika, Makame atamtoa mtoto."

Basi tup! Na sauti ya mzee ikafuata: "Wahedi." Tup! "Thineni." Alikuwa mgeni wao, Awadhi, muuza tende kutoka Uarabuni, anapanga makanda yake gizani. Alihesabu mpaka akafika "hamsa," kisha akaanza upya. Mwanatumu akamsikiliza mara ya kwanza, akamsikiliza mara ya pili, mara ya tatu akagonga ukuta.

"Ami Awadhi! Hivyo hamsa ndiyo nini?"

"Tano, binti yangu. Nimekuamshia mtoto?"

"Hajalala, mimi mwenyewe sijalala, nitalalaje na kesho jua likizama wanamchukua, hebu niambie ami, kwenu kesho jua likizama inaingia siku gani, nayo ni Ijumaa, au?"

Mzee akacheka upande wa pili wa ukuta. "Ijumaa! Nyinyi na Ijumaa yenu mna haraka ya nini? Kila safari nafua kanzu, najipaka uturi, nafika msikitini naambiwa, 'Mzee, watu wameswali jana!' Kwetu kesho jua likizama inaingia Alhamisi."

"Na Alhamisi maana yake nini?"

"Siku ya tano."

Mwanatumu akavipapasa vidole vyake gizani, mkono mmoja kisha mwingine. Kisha akasema polepole, jambo ambalo halikuwa tabia yake, "Ami, usifunge mizigo yako. Kesho utanisindikiza barazani."

Kesho yake alasiri uwanja wa Jumbe ulijaa. Makame alikuja na shuka jipya la kumpokelea mtoto. Jua likateremka, likagusa miti, na mpiga mbiu akawa anapanda kichuguuni na pembe yake. Jumbe akauliza kama kuna habari yoyote ya Msellem. Watu wakatikisa vichwa.

"Basi tano imekwisha," akasema Makame, na akanyoosha mikono.

Mwanatumu akasimama. Maneno yakamtoka kama maji yaliyovunja kingo. "Imekwisha tano gani, Mwinyi, maana mimi namjua shemeji yangu na sina ubaya naye, lakini wewe uliapa kwa tano, hukusema tano ya nani, na huyu hapa Ami Awadhi amekula chumvi yetu tangu kabla mimi sijaolewa, na nyinyi wenyewe ndio mliosema mgeni aliyekula chumvi ya mji neno lake ni neno la mji, sasa muulizeni yeye, muulizeni siku inayoingia inaitwaje!"

"Pumua kwanza, mwanangu," akasema Jumbe. "Haya, mzee, inaitwaje?"

"Alhamisi, Mwinyi. Siku ya tano."

Watu wakaanza kunong'ona. Makame akapaza sauti, "Huu ni ujanja wa maneno! Tano inakuwaje mbili?"

"Shemeji, mikono unayo mingapi?" akauliza Mwanatumu. Akaukamata mkono wa kulia wa Jumbe, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuthubutu, akaufumba vidole kimoja kimoja. "Tano ya mkono huu imekwisha, Mwinyi, sikatai. Na ya huu mwingine?"

Jumbe akautazama mkono wake wa kushoto, ulio wazi mapajani, kana kwamba ameletewa leo. Alikuwa mtu wa kiapo, na kiapo chake kilikuwa kimemnasa mbele ya mji mzima. Akaangua kicheko mpaka kilemba kikamwenda upande. "Mpiga mbiu!" akaita. "Tangaza Alhamisi!"

"Tangaza nini, Mwinyi?"

"Alhamisi! Tano ya mkono wa pili!"

Pembe ikalia. Na kesho yake adhuhuri, Msellem aliingia mjini amejaa tope hadi kwenye kope, bila asali, bila kiatu, kwa kuwa mto ulivichukua vyote. Hakuulizwa neno. Alisukumwa tu nyumbani mwake na wanawake waliokuwa wakimpigia vigelegele tangu njia panda, akatoka amembeba mwanawe juu ya kichwa, na jua lilikuwa bado juu angani. Mtoto akapewa jina la siku yake, Hamisi. Mwanatumu alicheka na kulia kwa pamoja, akapiga vigelegele kuwashinda wote mpaka sauti ikamkauka. Jioni Makame alikuja amebeba ile susu mabegani. "Nimemsukia huyu," akasema bila kumtazama mtu, "si mwingine." Mwanatumu akamwonyesha pa kuitundika.

Watu wakaionja siku ile mpya, wakaipenda. Walipata nafasi ya kufua kanzu, kunyoa na kusuka nywele kabla ya Ijumaa, na mzee Awadhi, kwa mara ya kwanza, alifika msikitini akawakuta watu. Na tangu siku hiyo juma likawa na siku saba, na tano ndani yake ni mbili: Jumatano ni ya mkono wa kwanza, Alhamisi ni ya mkono wa pili, kisha mikono yote miwili inafumbwa na watu wanakusanyika.

Ila liko neno moja lililobaki. Mzee Awadhi alipokuwa anaondoka, alimvuta Mwanatumu kando.

"Binti yangu, safari hii niliugua homa njiani, nikapoteza hesabu. Siku ile pengine ilikuwa Alhamisi kweli. Pengine haikuwa."

Mwanatumu akaziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakamtikisika kwa kicheko. "Sitamwambia mtu mwingine, ami," akaahidi.

Na hakumwambia mtu, isipokuwa Hamisi alipokuwa mkubwa, naye Hamisi akaapa. Hamisi hakumwambia mtu isipokuwa binti yake, naye binti akaapa. Na kila aliyeambiwa hadi leo hujibu vile vile, huku amefumba mikono yake yote miwili: "Sitamwambia mtu mwingine."