Msiba wa Mguu wa Fisi

Mwaka ule mvua ilikata mguu nyikani. Mito ikakauka, visima vikabaki na kelele za vyura, kisha hata vyura wakanyamaza. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ndogo ya Mawe Mekundu, nayo ilikuwa chemchemi ya kudondoka: ikishanywewa, lazima isubiriwe ijae tena.

Wanyama waliivamia wote kwa mpigo, wakasukumana, maji yakageuka tope kabla nusu yao hawajalowesha ulimi. Simba, ambaye hapendi kunywa tope, akatoa amri. Kuanzia siku hiyo watakwenda majini kwa mbio, kila mmoja kwa njia inayolingana na pumzi zake. Njia ya Majani, fupi na tambarare, wakapewa wazee, wagonjwa na waja wazito. Njia ya Vichaka ilizunguka vilima viwili vidogo, nayo ikawa ya wenye pumzi za wastani. Njia ya Majabali ilipanda mlima, ikashuka korongoni, halafu ikapanda tena kana kwamba imesahau kitu kule juu. Hiyo ilikuwa ya wenye nguvu.

Kanga akilia alfajiri, wote hutoka. Wanyonge hufika kwanza, hunywa na kuondoka, na chemchemi ikajaa. Wakaja wa wastani, ikajaa tena, ndipo wenye nguvu wakatokea na ndimi nje. Maji yakawatosha wote.

Yalimtosha hata Fisi, ila Fisi hajawahi kutoshwa na kinachowatosha wenzake. Kila akiteremka kutoka Majabali na kukuta nyayo za waliomtangulia, moyo ulimuuma kama aliyeibiwa. "Mimi na mbio zangu hizi," akanung'unika, "ninywe baada ya Kobe? Haki gani hii?"

Sasa, mwendo wa Fisi unajulikana: mbele juu, nyuma chini, hata akiwa mzima utadhani anachechemea. Siku moja akauongezea chumvi mwendo ule, akaenda mbele ya Simba akiburuta mguu wa nyuma wa kushoto.

"Mtukufu, mguu huu umekufa."

"Umekufa?" Simba hakugeuza kichwa. Alifungua jicho moja tu.

"Umekufa kabisa! Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Mama yake Fisi alikuwa hai ng'ambo ya korongo, na meno yake yote kinywani. Lakini Simba hana kawaida ya kuuliza mara mbili.

"Basi umekufa," akanguruma ili wote wasikie. "Nimesema mimi, na neno langu halirudi kinywani. Fisi atapita Njia ya Majani."

Kesho yake Fisi alichechemea mpaka nyuma ya kichuguu kikubwa, mahali ambapo hakuna jicho lililomfikia. Hapo akaunyoosha mguu, akatimua vumbi. Alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Kisha, kwa kuwa yalibaki maji na yeye hajui kubakisha, akajilaza ndani yake apoze mbavu. Mzee Kobe na Mama Swala walipofika, walikuta tope na manyoya.

Mama Swala alikuwa na mimba pevu. Alipiga magoti, akaramba jiwe lililokuwa na unyevu kidogo, maana chemchemi ikijaa tena itakuwa zamu ya wa Njia ya Vichaka.

"Mwanangu Fisi," Kobe akauliza, "mguu uliokufa umekufikishaje hapa kabla yetu?"

"Mzee wangu, kilichokufa ni mguu. Kiu iko hai!" Fisi akacheka mpaka akashika mbavu, maana mzaha wake mwenyewe humchekesha kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Akafanya hivyo tena kesho yake, na keshokutwa. Siku hiyo ya mwisho Mama Swala aliishiwa nguvu, akaanguka katikati ya njia. Mzee Kobe alisimama kando yake kumkinga jua, lakini kivuli cha gamba lake kilitosha sikio moja tu. Fisi akawapita mbio. Kusema kweli roho ilimsuta kidogo, ila tumbo likamwambia roho inyamaze.

Nani angekwenda kumwambia Simba kwamba amedanganywa? Simba hadanganyiki. Nyika nzima inajua hivyo, na aliyewahi kusahau hayupo tena wa kuulizwa. Jioni Fisi alimwona Kobe akinong'ona na Sungura chini ya mgunga, masikio ya Sungura yakichezacheza. Hakujali. Alikuwa amejaa maji.

Asubuhi alipofika kwenye uwanja wa kuanzia mbio alishangaa. Kanga alikuwa amelia, lakini hakuna aliyekimbia. Wanyama walikaa chini kwa huzuni, wengine wameshika tama. Pundamilia alikuwa akilia kwa kwikwi. Ngiri alikuwa na udongo mbichi kwenye pembe zake, na pembeni palikuwa na shimo.

Msiba! Mate yakamjaa Fisi. Penye msiba pana maiti, na penye maiti Fisi hahitaji kualikwa. Akajitupa chini katikati yao, akaangua kilio kilichowashinda wafiwa wote. "Ooo! Umetuacha na nani! Ooo! Na ulikuwa mnene!" Kisha akamsogelea Sungura, aliyekuwa amejipaka jivu usoni, akamnong'oneza: "Mpwa wangu, amefariki nani?"

"Mjomba, pole sana. Jikaze."

"Nimejikaza. Maiti iko wapi?"

"Umekuja nayo," Sungura akasema.

Fisi akatazama nyuma. Hakuona kitu ila mkia wake.

"Ni mguu wako, mjomba," Sungura akaendelea kwa sauti ya kuwafikia wote. "Umekufa siku nyingi, na sisi tumekaa kimya kama watu wasio na ndugu. Aibu gani hii? Maiti inazungukazunguka juani, haijazikwa! Leo tumekusanyika kuusitiri."

"Aa, mpwa wangu," Fisi akacheka kidogo, "haukufa kufa kwa namna hiyo..."

"Haukufa?" Sungura akageuka kwa Simba, aliyekuwa amelala kando ya shimo, akainama mpaka masikio yakagusa vumbi. "Mtukufu, labda tulisikia vibaya. Mjomba anasema mguu u hai."

Simba akainua kichwa, na mara hii alifungua macho yote mawili. "Nilisema umekufa."

"Umekufa, Mtukufu! Umekufa!" Fisi akadakia. Jasho likaanza kumtoka. Akisema u hai, amemfanya Simba mwongo. Akisema umekufa, shimo lile pale.

"Basi tuharakishe," akasema Sungura. "Maiti haicheleweshwi. Wewe hatukuziki, mjomba, Mungu apishe mbali. Tunazika mguu tu."

"Mtauzikaje nami bado nimeungana nao?"

"Hilo lisikusumbue. Mtukufu mwenyewe amekubali kwa hisani yake kuwatenganisha."

Simba akasimama, akajinyoosha taratibu, akapitisha ulimi kwenye meno. Hakufurahia mazishi, lakini alikuwa hajala tangu jana.

"Mguu niponye!" Fisi akapiga ukelele, na mguu ukamponya. Njia ya Majani ilijaa waombolezaji, Njia ya Vichaka pia. Iliyobaki wazi ilikuwa ya Majabali tu. Akaipanda kwa kasi ambayo hata swala dume hawajapata kuiona, mguu wa kushoto ukitangulia mingine yote, mpaka vumbi likammeza kule juu.

Polepole macho ya uwanja mzima yakamgeukia Simba, aliyekuwa ametangaza kifo cha kitu kile kilichokuwa kikipaa mlimani. Uso wake ukaanza kukunjamana. Sungura akawahi.

"Jamani, mmeona maajabu? Mtukufu amesimama tu, na kilichokufa kimefufuka!"

Simba akafikiri kidogo. Kisha akatikisa manyoya ya shingo. "Ndiyo," akasema. "Nimeuponya. Na kwa kuwa ni mzima, Fisi atapita Majabali maisha yake yote."

Ngiri akafukia shimo huku akijizuia kucheka. Mama Swala akasaidiwa mpaka chemchemini na wenzake wa njia fupi, akanywa maji safi, akanywa tena, na hakuna aliyemharakisha. Kabla jua halijapanda sana akajifungua mtoto wake kwenye nyasi, na mtoto akasimama siku hiyohiyo kwa miguu minne inayotetemeka.

Fisi alitokea mwisho wa wote, ulimi unaburuta vumbi. Akasimama mbali, akangoja chemchemi ijae. Alitamani kuchechemea, akaona hakuna wa kumchechemelea.

Mzee Kobe alikuwa bado anaondoka, maana yeye huchukua muda hata kuondoka. Alipompita akamtazama mguu, akamtazama usoni.

"Hongera kwa kufiwa na kufufukiwa, mwanangu," akasema. "Uliipenda njia fupi, nasi tumekuonyesha mwisho wake. Njia ya mwongo ni fupi."